Mita Tatu kwa Tatu

Jumamosi saa nne asubuhi mchora ramani alitandaza ramani ya nyumba juu ya meza ya chakula. Aliizuia isijikunje kwa kopo la sukari, rula yake ndefu, kikombe cha chai na kiatu cha mtoto alichokiokota chini ya kiti. Hii ilikuwa ramani ya tatu. Ya kwanza ilikataliwa kwa sababu mlango wa choo ulitazamana na mlango wa jiko, na ya pili kwa sababu haikuwa na gereji. Ya tatu ilikuwa na kila kitu, na mchora ramani, mzee mwembamba ambaye penseli haimtoki nyuma ya sikio hata akienda mazishini, alitarajia kumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Shangazi alikuwa anamimina chai. Karibu saa zote shangazi alikuwa anamimina kitu, au anamenya, au anafuta. Alikuja kwa mdogo wake, Mwalimu, kukaa wiki mbili tu, amsaidie wifi yake aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Mtoto huyo sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili, na asubuhi hiyo alikaa kwenye kochi akipaka rangi kucha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; shangazi jembe alikabidhiwa mlangoni, kabla hajatua sanduku. Sanduku lenyewe lilikuwa bado nyuma ya kochi, na kochi ndilo lililokuwa kitanda chake, watu wakishamaliza kutazama televisheni. Mpira hakuupenda hata chembe, lakini mtaa mzima hakuna aliyetazama dakika nyingi za nyongeza kuliko yeye.

Hakuwa mtu wa kununa, hilo lieleweke. Alikuwa mnene, mcheshi, na kicheko chake kilifika sebuleni kabla yake. Alishona nguo za nusu ya mtaa kwa cherehani iliyosimama koridoni, na kila aliyepita kwenda chooni alimgonga kiwiko, naye akasema, "Pita, pita, barabara ni ya wote." Kitu kimoja tu alikitamani, tena alikitamani kimyakimya, kama mtu anayeangalia kipande cha mwisho cha nyama kwenye sahani ya wageni. Alitaka mlango wa kufunga kwa ndani.

Nyumba mpya ilipoanza kutajwa, alijua siku ya mlango imefika. Kiwanja kiliachwa na baba yao, na kwenye hati majina yalikuwa mawili, la kwake na la mdogo wake. Halikuwa jambo la siri. Hakuna tu aliyelitaja tangu matanga yaishe.

Kosa lilifanyika siku ya kwanza kabisa, mchora ramani alipofungua daftari na kuuliza, "Mko wangapi humu ndani?" Mwalimu alikuwa mwalimu wa hesabu, na watu wa nyumbani kwake aliwahesabu kwa viti. Meza ya chakula ilikuwa na viti sita: chake, cha mkewe, cha binti mkubwa, viwili vya mapacha wa kiume, na kimoja cha kitinda mimba, msichana wa miaka tisa. Kila fomu na kila safari ya nyumba hiyo ilihesabiwa hivyo, na hakuna aliyewahi kusahauliwa njiani, maana viti havitembei. "Sita," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhakiki jibu lake, akamgeukia dada yake. "Eti dada, si tuko sita?"

Shangazi naye aliwahesabu watu kwa sahani alizopakua. Yake hakuwahi kuipakua, kwa kuwa alikula jikoni, kwenye sufuria, amesimama. "Sita," alijibu bila kuwaza. Mchora ramani akaandika sita na kupiga mstari chini yake.

Basi Jumamosi hiyo wote waliinamia meza. Wifi, aliyekuwa nesi na aliyezoea kubonyeza mahali panapouma, alibonyeza jiko kwa kidole gumba na kusema dirisha liwe juu ya sinki. Mapacha walitaka ukuta kati ya vyumba vyao uongezwe unene, kwa sababu mmoja alikoroma na kila mmoja alisema ni mwenzake. Mwalimu alipima gereji kwa shubiri. Gari hakuwa nalo, lakini rangi yake aliijua, na alishaamua nani hataruhusiwa kuliendesha.

"Na hiki ni nini?" wifi aliuliza.

Kati ya jiko na gereji kulikuwa na chumba. Mita tatu kwa tatu, kina mlango mmoja na dirisha moja. Mchora ramani alikiangalia, akashusha miwani, akakiangalia tena.

"Hiki sikukichora," alisema. "Mwandiko ni wangu, ila hapa nimetulia zaidi." Alitoa kifutio, akakifuta, akapuliza vumbi, akarudisha gereji ilipokuwa. Kisha akanywa chai. Alipoweka kikombe chini, chumba kilikuwa kimerudi, na safari hii gereji ilikuwa imejisogeza yenyewe kukipisha.

"Karatasi za siku hizi," alisema Mwalimu.

"Si karatasi. Hutokea," mchora ramani alisema. "Nilikuwa na mteja mmoja, ngazi yake ilipanda kila nikigeuka. Tukaishia kujenga ghorofa." Alikifuta mara mbili zaidi, kwa ajili ya kutimiza wajibu, kisha akakunja kazi na kuahidi kuja na ramani ya nne.

Ramani ya nne ilikuja Jumamosi iliyofuata. Ilichorwa kwenye karatasi mpya kabisa, na chumba kilikuwemo. Sasa kilikuwa na kitanda. Mchora ramani alieleza kwamba alifunga karatasi kwenye bomba lake la kubebea ramani ikiwa safi, na aliposhuka kituoni alisikia kitu kikigonga ndani. Hakuna aliyebishana naye. Kila mtu alikuwa ameshapata matumizi ya chumba.

"Stoo," alisema Mwalimu.

"Stoo ipo. Hapa tuweke friji kubwa," alisema wifi.

"Gemu," walisema mapacha kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza mwaka ule walikubaliana.

Shangazi alikuja na sinia ya vikombe, akainama juu ya mabega yao. Chini ya dirisha la kile chumba aliona kitu ambacho wenzake walidhani ni meza. Kilikuwa cherehani. Ilikuwa imechorwa kutoka juu, jinsi ndege angeiona, lakini gurudumu lake lilikuwa na ule ufa alioufunga kwa waya mwaka juzi. Nyuma ya mlango palikuwa na ndoano, na kwenye ndoano aproni, na aproni ilikosa mfuko mmoja. Shangazi alishusha macho kwenye aproni aliyovaa, akagusa mahali mfuko ulipong'oka. Moyo ulimruka kwa furaha hadi vikombe vikagongana kwenye sinia.

"Labda kina mwenyewe," alisema.

"Mwenyewe nani?" Mwalimu alizungusha kidole juu ya viti, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. "Tuko sita, na vyumba vimetosha. Wewe mwenyewe ulisema sita, dada. Ulikuwepo."

"Na shangazi je?" aliuliza kitinda mimba.

Binti mkubwa aliacha kucha zake. Mwalimu alitabasamu, kwa upendo wa kweli, kwa maana alimpenda dada yake na angegombana na yeyote ambaye angesema vinginevyo. "Shangazi ni wa nyumba nzima," alisema. "Utampaje chumba kimoja mtu mwenye nyumba nzima? Huko si ni kumpunguzia?"

Wote walicheka, na shangazi akacheka pia, kwa sababu kweli lilikuwa jibu zuri. Kisha alikwenda jikoni kukata vitunguu. Alikata vitunguu vinane, na chakula cha siku hiyo kilihitaji viwili. Iliuma, na hakujisingizia kwamba ni vitunguu. Alikuwa amefuta pua na makamasi ya watoto wanne, alishona sare za shule hadi vidole vikaota sugu, na alipewa nyumba nzima isiyo na mahali pa kutundika aproni.

Saa nane mchana, wengine wakiwa wamekwenda kuonyeshwa kiwanja, alipangusa meza. Ramani yenyewe mchora ramani alikuwa ameiacha, maana alichoka kuibeba. Shangazi alipangusa taratibu kuizunguka, kisha kidole chake, kikiwa bado na unyevu wa kitambaa, kikagusa mlango wa chumba kidogo. Mlango ulifunguka kwa ndani. Alivua ndala zake akaziacha mezani, kando ya karatasi, kwa sababu sakafu ilionekana mpya, akaingia.

Kitanda kilikuwa kigumu kiasi kile mgongo unachokitaka. Alijilaza kuangalia dari, na hakukuwa na dari, palikuwa na taa ya chumba cha kulia, kubwa na mbali kama mwezi. Alilala kwa muda wa saa mbili kamili. Ilikuwa mara ya kwanza kulala mchana tangu alipokuja kwa zile wiki mbili.

Familia ilirudi na njaa. Walimtafuta jikoni, koridoni, uani kwenye kamba ya nguo, ndipo kitinda mimba akaona ndala mezani. Wifi aliinama, akaweka sikio kwenye karatasi kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Anakoroma," alisema. "Pumzi nzuri, haina mikwaruzo. Mwacheni apumzike."

"Sawa, lakini chumvi iko wapi?" Mwalimu aliuliza. Alisubiri kwa adabu kidogo, kisha akaita juu ya meza, "Dada! Chumvi!"

"Kwenye kopo la majani ya chai," sauti ilitoka kwenye ramani, nzito ya usingizi.

"Na majani ya chai?"

"Kwenye kopo la chumvi. Nilishawaambia mara ngapi?"

Ikawa hivyo. Kazi zikiisha shangazi anaingia, kazi zikianza anatoka. Ramani ikahamishiwa kwenye ukuta wa jikoni, ikabandikwa kwa pini nne, ili asiitwe kutoka mbali. Cherehani iliondoka koridoni siku moja bila mtu kuibeba, na watu wakaenda chooni kwa nafasi. Mapacha walisema hawakuwahi kujua nyumba ilikuwa na korido pana hivyo. Shangazi alinawiri. Alianza kuimba, na akiwa ndani ya ramani nyimbo zilisikika vizuri zaidi ukitega sikio upande wa gereji.

Mchora ramani alipokuja kwa marekebisho ya mwisho, alipelekwa jikoni. Aligonga karatasi kwa ncha ya penseli, kidogo sana, asije akaitoboa.

"Hodi, dada."

"Karibu, Bwana Ramani. Ila kama unaingia vua viatu."

"Mimi siingii. Hapa nje panatosha. Nimekuja kuuliza kama kuna pungufu, maana kesho napeleka kazi ofisini."

Mtu ambaye hajaulizwa swali hilo miaka ishirini na miwili hawezi kulijibu papo hapo. "Dirisha lifungukie nje," alisema hatimaye. "Linanigonga kichwa nikishona. Na mlangoni weka komeo. Kwa ndani."

Mchora ramani alichonga penseli upya. Dirisha aliligeuza kwa mistari miwili. Komeo lilimchukua nusu saa, kwa kuwa kwenye ramani ya nyumba huwa hakichorwi kitu kidogo namna hiyo, na yeye hakutaka likwame. Alipomaliza alisikia likisukumwa, likirudishwa, likisukumwa tena. Shangazi alilifunga na kulifungua mara kumi na nne akicheka, na mzee akasimama pale mbele ya ukuta kuzihesabu zote.

Kisha akaenda sebuleni kusema na Mwalimu, mtu mzima na mtu mzima mwenzake.

"Chumba hiki tukijenge," alisema. "Kinahitaji mita moja na nusu tu kutoka kwenye gereji."

Mwalimu alishika kichwa. Si kwamba alikuwa mbaya. Alikuwa anapiga hesabu, na ilionekana usoni kwamba hesabu inamsumbua. "Mita moja na nusu," alisema. "Halafu gari litalala wapi?"

"Gari gani?"

"Gari," alisema Mwalimu, kwa uchungu.

"Kwenye karatasi nimeshindwa kukifuta," mchora ramani alisema. "Kule kiwanjani penseli unayo wewe."

Lakini jambo lilijimaliza lenyewe, na Mwalimu alishukuru. Ofisi ya manispaa ilitaka nakala nne, na chumba hakikutokea kwenye nakala. Mchora ramani aliirudisha ramani kwenye mashine mara sita, akaongeza wino, akaibadilisha upande. Kila nakala ilitoka na gereji nzima, safi, mita sita kwa nne. Shangazi, aliyekuwa ndani muda wote huo, alisema baadaye kwamba ule mwanga wa kijani ulimstarehesha macho. Karani akahesabu vyumba, akagonga mhuri, na mafundi wakachimba msingi kwa kufuata nakala, kama sheria inavyotaka. Mchora ramani alikwenda kiwanjani siku ya kwanza, akasimama mahali ambapo chumba kingekuwa, akanyoosha mikono pande zote mbili kupima, kisha akaondoka bila kuaga.

"Basi tatizo limekwisha," Mwalimu alisema, na akalala usingizi mzito.

Nyumba ilikuwa nzuri, hakuna atakayesema uongo. Dirisha lilikaa juu ya sinki, choo hakikutazamana na mtu, na ukuta wa mapacha uliongezwa unene, ikagundulika wote wawili wanakoroma. Siku ya kuhamia, ramani ndiyo iliyokuja ya mwisho, mapajani kwa kitinda mimba, akiishika sawasawa ili kitanda kisiteleze. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameitengenezea fremu ya mbao na kioo, kwa fedha zake, na aliitundika koridoni karibu na jiko. Alipima mara tatu isikae upande. Kioo kilikuwa na bawaba, shangazi apate kutoka saa kumi na moja alfajiri bila kusumbua mtu.

Wageni walipokuja kuona nyumba, Mwalimu aliwapitisha kila mahali. "Hiki cha binti, hivi viwili vya mapacha, hiki cha mdogo wao." Kisha akasimama mbele ya fremu na sauti yake ikajaa. "Na hiki ni cha dada yangu. Mimi sikubali mtu wangu akose chumba." Wageni walisogea, wakaona taa inawaka kwenye kidirisha, wakasema kweli, siku hizi ndugu kama yeye ni wachache. Gereji waliiona pia. Ilikuwa tupu, na shangazi aliifagia kila siku baada ya kufagia sebule.

Mwezi wa pili baada ya kuhamia akaja afisa wa idara ya maji, na fomu yake kwenye ubao, kuandikisha nyumba mpya. Ilikuwa saa nne asubuhi, na meza ilikuwa bado haijatolewa vyombo.

"Mko wangapi humu ndani?" aliuliza.

Mwalimu aliinua kidole juu ya viti. "Sita," alisema. Kisha, kwa kuwa bado alikuwa mtu wa kuhakiki, akageuza kichwa kuelekea koridoni. "Eti dada, si tuko sita?"

Cherehani ilikuwa inalia huko ukutani. Ikanyamaza.

"Saba," alisema shangazi.

Afisa alisimamisha kalamu. Alichungulia koridoni, akaiona fremu, akaona na mtu dirishani, mnene, na uzi mdomoni, akamwitikia kwa kichwa. Kisha alirudi mezani na kuhesabu viti mwenyewe, kimoja kimoja, kwa kuvigusa migongo. Akaandika sita.

"Ni fomu tu," Mwalimu alisema kwa upole, akiinua sauti ili isikike kupitia kioo. "Maji si utakunywa yale yale? Haya, dada, mgeni hajanywa chai."

Koridoni likasikika komeo. Lilisukumwa mara moja tu, mpaka mwisho, na halikurudishwa. Mwalimu aliangalia saa, afisa akaangalia dari mpya akaisifu, kitinda mimba akaangalia sahani yake.

Siku hiyo chai ilichelewa dakika ishirini na tano. Ilipokuja ilikuwa ya moto, yenye sukari ya kutosha, na vikombe kwenye sinia vilikuwa saba: sita vya nyumba na kimoja cha afisa wa maji.